Mkutano Ulioshuka kwa Maman wa Chini

Mimi ni mtu wa nyumbani. Si kwamba nilikosa pa kwenda. Bukavu ya miaka ile ya Zaïre ilikuwa na pa kwenda kila upande, shida ni kwamba kila upande ulikuwa mlima. Ukitoka unapanda, ukirudi unashuka, au kinyume chake, na magoti yangu, siku nilipomaliza sekondari, niliona nayo yamemaliza masomo. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza saa za mkono, na niliifanyia barazani kwangu. Mwenye saa mbovu alipanda au alishuka yeye. Mke wangu alikuwa akiwaambia wateja, "Huyu bwana yangu, Mungu alitaka kuumba konokono, udongo ukabakia mwingi."

Nyumba hiyo niliachiwa na baba, katikati kabisa ya mteremko. Pembeni mwa ua nilikuwa na kibanda cha marakuja, yale matunda ya pasheni yanayotambaa: miti minne, majani yake juu, benchi chini. Hapo ndipo nilipolala mchana huku saa za watu zikinisubiri mezani. Nakitaja mapema ili baadaye mtu asiniulize nililia nini.

Sasa, mvua ya kwetu haishuki tu, inashuka na vitu. Kila msimu maji yaliteremka mlimani kwetu kana kwamba kuna mtu chini anayaita, yakala ngazi za udongo tulizochonga, yakabeba mlango wa choo cha huyu na banda la kuku la yule. Ndipo wenye parsele wa avenue yetu, parsele maana yake kiwanja na nyumba iliyomo, tukaunda chama. Tulitaka kuchimba rigoli, yaani mtaro wa kushusha maji hadi kijitoni. Tulitaka pia kwamba salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, tuifanyie kwenye mlima wetu badala ya kufagia barabara za wengine.

Prezida wa chama alikaa juu kabisa. Alikuwa mkubwa katika ofisi moja mjini, mtu wa abakosti, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, hata akiwa anachimbua viazi, na kitana mfukoni. Tulimchagua kwa sababu alikuwa na frigo. Sisemi kwa ubaya, hata yeye alijua. Frigo ilikuwa moja tu kwenye avenue yote, na kila mwanachama aliyefika kwenye mkutano alipokea chupa moja baridi, akaketi ndani ya fotei yenye kitambaa cha kusukwa, akasikiliza Kifaransa. Prezida hakuendesha mkutano kwa lugha nyingine. Alisema "primo", akasema "secundo", na wengi wetu tulitikisa kichwa hadi chupa ilipoisha. Wanawake wenye parsele walikaa kwenye mabenchi ya nyuma karibu na mlango, na walipewa neno mwishoni, wakati watu wamekwisha kusimama wanatafuta kofia zao.

Mimi nilikuwa sekretere. Nilichaguliwa kwa sababu siku ya uchaguzi sikuwepo. Sheria yetu ilikuwa moja, na iliheshimiwa kama misa: asiyekuwepo hana sauti. Walipoleta habari kwamba nimekuwa sekretere nilitaka kukataa, lakini ningekatalia wapi? Kwenye mkutano. Na mkutano ulikuwa juu.

Chini kabisa, hatua chache kabla ya kijito, alikaa mjane tuliyemwita maman wa chini. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye ulimi wa kuchokoza, na magoti yaliyovimba kama mikate. Penye tambarare alitembea kama mke wa mwami, yaani wa mfalme. Kwenye ngazi hakuweza hata moja. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na jiko la mbao, na humo, kabla ya jogoo, alikaanga mandazi ambayo mlima wote uliyanywea chai. Jiko hilo lilikuwa limesomesha watoto wake wote na kuwaoza. Parsele yake ilikuwa nyembamba, na jiko lilikaa mahali pekee lilipoweza kukaa.

Basi Jumapili moja, baada ya misa, prezida akatandaza karatasi juu ya meza, akaonyesha rigoli aliyoichora kwa rula. Ilitoka kwake, ikagusa kona ya ua wangu, ikashuka moja kwa moja hadi kijitoni. Mstari mzuri, umenyooka kama pasi. Ulipita katikati ya jiko la maman wa chini.

"Ni technique," prezida akasema kwa Kifaransa, nami natafsiri. "Maji inapenda njia ya kunyooka."

Tukatikisa kichwa. Uamuzi ungepitishwa Jumapili inayofuata, na Jumamosi baada ya hapo, siku ya salongo, majembe yangeanza.

Kesho yake maman wa chini akatuma niitwe. Nikashuka. Mke wangu alitoka nje kutazama, kama vile watu wanavyotoka kutazama ndege ya kwanza.

"Sekretere," maman akasema, akiwa amekaa juu ya kigoda mbele ya karai, "banasema munataka kupitisha maji mu mafuta yangu?"

"Haiko mu mafuta, maman. Ni mu jiko."

"Na mafuta iko wapi? Mu kanisa?"

Nikafungua daftari la chama.

"Andika: maman wa chini anakataa."

"Maman, siwezi. Mwenye hayuko kwa mukutano hana sauti. Njo règlement."

"Na mwenye hana magoti, règlement inasema nini?"

Règlement hiyo, yaani sheria ya chama, niliiandika mimi mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Juu ya magoti haikusema kitu. Akanipa mandazi mawili ya moto, na mtu akishakupa mandazi ya moto huwezi kurudi nyumbani na kusema hukuelewa.

Nikajaribu kwanza kumpelekea maneno yake. Jioni ileile nilipanda hadi kwa prezida, nikafika natoa pumzi kama treni, nikamwambia kwamba maman anakataa na amenipa mdomo wake.

"Sekretere, uko na parsele ngapi?" akaniuliza.

"Moja, citoyen prezida."

"Basi uko na mudomo moja."

"Kama ni vile, tufanyie mukutano kule chini kwake."

Alinitazama kwa huruma. "Na mafotei itashuka namna gani? Na frigo? Frigo iko na miguu ya kushuka mlima?"

Wanachama wawili waliokuwa pale wakacheka, kisha wakaziangalia chupa zao kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyeponea chupuchupu.

Nikarudi kwangu, nikalala chini ya marakuja, na wazo likanijia. Huku kwetu watu huitana kutoka mlima hadi mlima. Mama akisimama Kadutu kumwita mtoto wake, watoto wa ng'ambo nao wanaitika. Kwa nini maman asiseme kwa njia hiyo? Yeye ndani ya ua wake, mimi barazani kwangu katikati, prezida dirishani kwake juu. Mke wangu alisema wazo langu lina akili nyingi, hasa pale ninapobaki barazani.

Prezida alikubali kikao kidogo siku ya katikati ya juma, nafikiri kwa sababu aliamini hakitafaulu. Tukaanza.

"Maman anasema hapana!" nikapaza juu.

"Prezida anauliza juu ya nini!" nikapaza chini.

"Juu ya jiko ni yangu!" maman akarudisha.

Nilikuwa bado navuta pumzi ya kuyarusha hayo juu, mlima wa ng'ambo ukajibu. Kule hakuna hata mmoja aliyekuwa na parsele kwetu.

"Musivunje jiko ya maman! Tutakula nini asubui?"

"Acha banavunja," mwingine akaitikia, "ile mandazi imekuwa kidogo siku hizi!"

"Kidogo ni kichwa yako!" maman akamjibu, na kweli alisikika bila msaada wangu.

Mwuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, aliyekuwa akipita barabarani akaweka beseni lake chini, akatoa maoni yake juu ya udongo na maji. Mtu mmoja wa mbali sana akauliza kama mandazi ya leo yamebakia. Wakapiga kura. Jiko lilishinda kwa wingi mkubwa sana, kura zote zikiwa za watu wasiohusika. Prezida akafunga dirisha. Nikaandika kwa Kifaransa kwamba kikao kimevamiwa na watu wa avenue nyingine, na kwa Kifaransa ilionekana jambo la heshima.

Ikabaki Jumapili tu.

Jumamosi jioni mkwe wa maman akafika kutoka Walungu. Yeye na vijana wa kijiji chao walikuwa wamemleta mgonjwa hospitali kwa kipoyi. Kama hujakiona, kipoyi ni kitanda cha miti na kamba chenye mikono minne. Wanaume wanne wanakiweka begani, na mtu asiyeweza kutembea anafika. Mgonjwa alikuwa amelazwa, wenzake wamerudi, kipoyi kimebaki na mkwe.

"Maman," mkwe akasema, "kesho unapanda."

Wabebaji walikuwa yeye, wapangaji wawili wa maman, na wa nne alikosekana. Sitaeleza jinsi nilivyopatikana. Nitasema tu kwamba mke wangu ndiye aliyenijibia.

Ngazi hazikufaa, maman angeteleza kutoka kwenye kipoyi kama gunia la makaa. Tuliamua kufuata barabara ya magari, ile inayozunguka mlima polepole kabla ya kufika juu. Asubuhi ile maman alijipamba, akajilaza, kisha akajifunika kitenge toka miguuni hadi juu ya kichwa.

"Maman, utakosa hewa," nikamwambia.

"Sitaki batu banione mu kipoyi sawa bibi ya mukoloni. Mutanifunua kule."

Tukamnyanyua. Nikajua siku ile kwamba mandazi ya miaka ile hatukuyala sisi peke yetu. Maman alikuwa ameamka tangu usiku kukaanga, na kabla hatujafika kona ya kwanza alikuwa anakoroma taratibu, kitenge kikipanda na kushuka, lakini ilibidi uwe karibu kama mimi ili ukione.

Na hapa nieleze desturi. Kwetu, kipoyi kikipita, watu wanasimama pembeni. Uso ukiwa wazi, ni mgonjwa, na wanasema pole. Uso ukiwa umefunikwa, wanaume wanavua kofia, na wanawake hawaulizi tena kitu. Hilo nalijua tangu utoto. Kila mmoja wetu wanne alilijua. Lakini mtu akiwa chini ya mzigo wa namna ile, hajui tena hata jina la baba yake.

Wa kwanza kuvua kofia alikuwa fundi wa baiskeli. Nikadhani ananisalimia mimi. Mimi niliyeonekana barabarani kwa nadra, niliona ni heshima inayonistahili. Wa pili akavua, wa tatu akapiga ishara ya msalaba. Nikawaitikia kwa kichwa, polepole, macho chini, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Walisema baadaye kwamba hawajawahi kuona mtu mwenye huzuni kama yangu.

Kwenye bomba la maji alisimama jirani yetu mmoja na ndoo.

"Sekretere, ni nani?"

"Maman wa chini," nikasema. Nilitaka kuendelea, lakini pumzi yangu ilikuwa imebaki kwenye kona.

Akaweka ndoo. Akaweka mikono kichwani. "Mama yooo!"

Kisha akakimbia kwa ngazi. Sisi tulikuwa na barabara ndefu. Yeye alikuwa na njia ya mkato na sauti nzuri. Tukasikia kilio kikipanda mlima mbele yetu, nyumba kwa nyumba, mwingine akikipokea kabla wa kwanza hajakiachia. Kitenge kikatikisika.

"Nani iko nalia?" maman akauliza kutoka ndani.

"Sijui, maman. Labda kuko mufu kule juu."

"Masikini. Tukitoka kwa mukutano, munipitishe kwake nitoe pole."

Tukaendelea. Ni mkwe aliyekuwa mbele yangu, na hata yeye alisema, "Kumbe mu hii muji banakufa sana siku ya Mungu."

Tulipofika kwa prezida hatukukuta mtu. Mlango ulikuwa wazi. Ndani ya saloni hakukuwa na fotei hata moja, alama za miguu yake tu juu ya sementi. Frigo ilikuwa imeachwa wazi, tupu, imefungua kinywa kama mtu aliyeibiwa. Tukatua kipoyi uani. Mke wa prezida alikuwa pale, anajifunga kitenge cha msibani kiunoni, beseni la mchele likiwa tayari chini. Alitutazama, machozi yakamtoka, akaja apige magoti kando ya kipoyi. Maman akajifunua uso, akaketi.

Sitaki kumcheka mke wa prezida. Mimi mwenyewe ningeruka vilevile, ila si juu ya beseni la mchele.

"Maman! Si umekufa?"

"Nikufe na rigoli haijaamuliwa?" maman akasema. "Bwana yako iko wapi?"

"Iko kwako. Iko nakulilia. Bote banashuka na ngazi kwenda kukulilia."

"Na mukutano?"

"Aliifunga. Juu yako."

Maman akatutazama sisi wanne, mmoja mmoja. Kisha akacheka hadi kamba za kipoyi zikalia. "Mi napanda, bo banashuka! Munibebe mbio. Wakimaliza kulia tu, banarudi huku."

"Maman, pumzika kwanza," nikasema. Nilijisemea mimi.

"Nimepumzika toka kule chini. Beba."

Tukazunguka mlima tena. Safari hii alikaa wima, uso wazi, akipunga mkono, na waliovua kofia asubuhi walisahau kuzivaa. Fundi wa baiskeli alitufuata akiwa na tairi mkononi.

Nyumba ya maman ilikuwa imefungwa tulipoiacha, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuwaambia watu ukweli, isipokuwa mke wangu, naye hakuulizwa. Nao walifanya kama tunavyofanya kwetu: kukiwa na kifo, jirani haji mikono mitupu. Kila mtu alikuja na kiti chake kichwani, mwingine kuni, mwingine mkeka. Tulipofika nyuma ya ua wa miti, nikachungulia. Nikaona mafotei ya prezida, yote, na vitambaa vyake, yamebanana kwenye majivu na tope hadi ukingoni mwa kijito. Makreti ya chupa yalikuwa yamepangwa kivulini. Vitu ambavyo haviwezi kushuka mlima vilikuwa vimeshuka, tena mbio, na hakuna kilichovunjika.

Na watu! Kulikuwa na mzee asiyeona vizuri ambaye hakuwahi kukanyaga ile saloni. Kulikuwa na wanaume waliosema siku zote kwamba hawana viatu vya kukanyagia sementi ya prezida. Wanawake wa mabenchi ya nyuma walikuwa mbele, mikekani, maana msibani mbele ni kwao. Korumu, yaani hesabu ya waliohudhuria, kama ile sikuwahi kuandika.

Prezida alikuwa amesimama mbele ya jiko, anatoa hotuba, na alikuwa anaitoa kwa Kiswahili. Hakuna aliyewahi kumsikia akihutubia kwa Kiswahili, na lo, alikuwa mzuri.

"Huyu maman alitulisha," akasema, sauti ikimkatika. "Mi mwenyewe, mbele ya kwenda kazi, kila asubui, mandazi yake. Nani ataniletea sasa? Nani? Hii jiko," akagonga mbao kwa kiganja, "hii jiko, hakuna jembe itaigusa! Hapana, si mbele ya macho yangu! Kama ni rigoli, izunguke!"

"Izunguke!" watu wakalia.

"Izunguke!"

Kutoka nyuma ya ua sauti ikasema, "Sekretere, andika. Andika mbio, mbele bajue niko muzima."

Kilichofuata hakikuwa cha utaratibu. Viti vilianguka. Katekista wa mtaa alianza sala, akasahau ni ipi, akachanganya ya ubatizo na ya chakula. Mmoja wa wale wasio na viatu alipita juu ya ua, na hapo tuliona faida ya kutokuwa na viatu. Sisi wanne tukaingia, tukamtua maman katikati ya waombolezaji wake, akawasalimu wote kwa zamu, akawauliza habari za nyumbani.

Prezida alikuwa ameketi ghafla ndani ya fotei. Alitoa kitana, akakirudisha.

"Maman," akasema, "ile maneno... ile nilisema juu ya marehemu."

"Marehemu anashukuru sana."

"Nilitaka kusema, kama ungekuwa umekufa."

"Aa, Papa Prezida. Mwenye amekufa anabakia na jiko, na mwenye iko muzima unamunyanganya? Basi munirudishe mu kipoyi, munifunike."

Watu wakaanza kucheka, kwanza wanawake wa mikekani. Maman hakucheka. Alimwonyesha kwa kidole chini.

"Angalia pale umeikala. Njo pale rigoli yako inapita. Fotei moja tu, na miguu moja yake iko mu moto yangu, ingine iko mu mulango. Nikitoa jiko, naipeleka wapi? Juu ya bati?"

Prezida akatazama miguu ya fotei. Mmoja ulikuwa kweli ndani ya majivu. Akageuka akatazama kijito nyuma yake, ukuta wa nyumba kushoto kwake, ua wa jirani kulia. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona parsele ile kwa macho. Kwake mandazi yalipanda yenyewe. Kisha akasimama, akanyoosha abakosti yake, na nitamsifu kwa hili: hakurudi kwenye Kifaransa.

"Mukutano umefunguliwa," akasema. "Rigoli izunguke ama isizunguke? Mikono."

Mikono yote ikapanda. Wengine waliinua miwili, kwa sababu walikuwa bado na hofu.

"Sasa, izungukie wapi?"

Ndipo kichwa kimoja kikageuka kutazama mlima, kikafuata kingine. Yule mzee asiyeona vizuri aliuliza tunatazama wapi, akaambiwa, akasema, "Aa, ndiyo, pale." Ili maji yaikwepe parsele ya maman na kufuata ukingo mtupu hadi kijitoni, yalipaswa kupinda juu zaidi. Nafasi ya kupindia ilikuwa moja, kwenye ua wangu, na ilipita sawasawa chini ya marakuja.

Prezida alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Sekretere iko présent?"

"Niko."

"Basi uko na sauti. Sema."

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na mambo ya kusema juu ya mizizi na kivuli. Lakini maman alikuwa ananitazama kutoka kwenye kipoyi nilichokibeba kwa bega langu mwenyewe, bega lililokuwa linaungua. Na nyuma yake alikuwa mke wangu, kiti bado kichwani, amebana midomo asicheke.

"Muandike sekretere amekubali," nikasema, nikasahau kwamba mwandikaji ni mimi.

Jumamosi tulichimba. Kibanda nilikibomoa mwenyewe, polepole, ili angalau kife mikononi mwa mtu anayekijua. Udongo uliotoka ulikuwa mwingi, tukautandaza kando ya mtaro, na kwa kuwa mtaro ulipinda, ile njia ya udongo nayo ilipinda, ikapanda kwa kulala bila ngazi hata moja, kutoka kwa maman hadi uani kwangu. Mwisho wa kazi maman aliijaribu kwa fimbo. Akapumzika mara kadhaa, akamtukana mtu wa mlima wa ng'ambo aliyemshangilia, akafika. Akasimama barazani kwangu, mahali ambapo hakuwahi kufika tangu baba yangu alipozikwa, akatazama ziwa.

"Kumbe munaona ziwa toka hapa," akasema, "na munalala."

Swali la mwisho lilikuwa mahali pa mikutano. Juu, maman hafiki. Chini, mvua ikija viti vinaelea. Ni mke wangu aliyenyoosha mkono.

"Na kwetu je? Ni katikati. Na sekretere, mutamukuta siku yote."

Ikapita bila kupingwa. Tangu hapo, kila mwezi, baada ya misa, avenue yote iliketi barazani kwangu na kwenye mikeka uani. Prezida alishuka na chupa zilizofungwa ndani ya kitambaa kilicholowa, maman alipanda na ndoo ya mandazi, mzee asiyeona vizuri alishikwa mkono na yeyote aliyekuwa karibu. Kiswahili kilibaki. Wanawake walisema wa kwanza na hawakumaliza upesi. Maman alichagua benchi lililokuwa la kibanda changu, akasema ni zuri, mtu anaweza hata kulala.

Saa za wateja zilisogezwa pembeni, na moja ilikaliwa.

Jumapili moja nilichoka. Nilijifungia chumbani, nikajifunika shuka hadi juu ya kichwa, nikamwomba mke wangu aseme sipo. Nilisikia prezida akiuliza, nikasikia mke wangu akijibu kwa sauti ya uchungu kwamba bwana yake ametoka. Hakuna aliyewahi kusikia jambo kama hilo. Kisha nikasikia maman akipendekeza kwamba mikutano iwe mara mbili kwa mwezi, na mikono ikipanda, maana mikono mingi ikipanda pamoja huwa na sauti.

Nikaruka kitandani, nikafungua mlango wa chumba. "Mi napinga!"

Maman wa chini alinitazama, mimi na shuka langu, bila mshangao wowote.

"Aa, marehemu," akasema. "Umechelewa. Ikala, andika."